Mwanamke Aliyekufa Kila Ijumaa

Kwa miaka mingi mwanamke huyu aliuawa kila Ijumaa jioni, na Jumamosi akauawa tena, mbele ya watu waliolipa kiingilio. Ndiyo sababu wenzake walimwita Marehemu, naye akaitika bila kinyongo. "Marehemu, umekula?" walimwuliza mlangoni. "Marehemu, watoto hawajambo?" Mgeni aliyesikia mazungumzo hayo kwa mara ya kwanza alibaki mdomo wazi, na mwenyewe akampa mkono na kumwambia, "Karibu, usiogope. Mimi hufa saa mbili kasorobo. Sasa hivi niko hai kabisa."

Kikundi chao cha maigizo kilikuwa na ukumbi wake katika bohari la zamani. Jukwaa lilijitokeza katikati, watazamaji wakaketi pande tatu, na pazia halikuwepo, kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kulitundika. Upungufu huo ulizaa sheria ambayo hakuna aliyethubutu kuivunja: mwigizaji akifa, hubaki palepale alipoangukia mpaka taa zizimwe mwisho wa mchezo. Waasisi waliiweka baada ya askari mmoja aliyekwisha kuuawa kuonekana akitambaa kuelekea mlangoni, na ukumbi mzima ukaangua kicheko wakati mfalme akilia. Tangu siku hiyo maiti ikawa maiti. Ishikwe na chafya, itambaliwe na sisimizi, haikuwa na ruhusa ya kutikisika.

Kwa hiyo kufa kulikuwa jambo dogo. Kazi ilikuwa kukaa umekufa. Marehemu aliuawa mapema katika sehemu ya pili, kisha akalala sakafuni hadi mwisho. Aliijua kazi hiyo barabara. Aliangukia ubavu wa kushoto, uso ameuelekeza ukutani, akipumua kidogo kidogo kwa pua. Pumzi ndefu alizingojea mpaka mfalme apaze sauti, maana hapo hakuna aliyetazama kifua cha maiti. Mshonaji wa maleba, yaani yule fundi wa mavazi ya jukwaani, alimshonea kipande cha sponji ndani ya gauni, penye nyonga.

"Malkia wengine huomba lulu," mshonaji alisema huku akikata uzi kwa meno. "Wewe unaomba godoro."

"Lulu zitanifaa nini sakafuni, shoga yangu? Nyonga ndiyo inayolala."

Tanzia yenyewe, ule mchezo wa huzuni, ilikuwa kongwe. Ilirithiwa na vizazi vya waigizaji, na watu waliiheshimu kama wanavyoheshimu kila kitu ambacho hawajapata kukichunguza. Mfalme anakwenda vitani. Akiwa huko, lango la mji linafunguliwa usiku na adui anaingia. Anarudi, ananong'onezwa kwamba aliyefungua ni malkia, na anamwua bila kumwuliza swali hata moja. Baadaye inabainika kuwa aliyefungua ni ndugu yake mfalme. Hapo mfalme anapiga magoti kando ya maiti na kuomboleza, na maombolezo hayo marefu ndiyo yaliyowajaza watu ukumbini. Malkia je? Malkia anamkaribisha mumewe nyumbani, anasema, "Si mimi, bwana wangu," kisha anapiga ukelele. Basi. Katika mchezo mzima unaohusu kifo chake, mwenye kifo hakupewa nafasi ya kumaliza hata sentensi ya pili. Na watazamaji, wanaume kwa wanawake, walitoka wakijifuta machozi na kusema, "Maskini mfalme!" Aliyeua ndiye aliyeliliwa, aliyeuawa alifanywa zulia la kupigia magoti. Hiyo ilikuwa dhuluma, na ukongwe wake haukuipunguzia uzito hata chembe.

Marehemu hakuanza na hasira hiyo. Mwanzoni alifurahi tu kupata nafasi jukwaani, akajisifu kwa shangazi zake kwamba yeye ni malkia. Lakini mtu akilala mahali pamoja miaka yote hiyo, akiwa macho, huku mwingine anamlilia juu ya kichwa, mwishowe huanza kuyasikiliza yasemwayo. Mfalme aliposema, "Nilikupenda kupita kiasi," maiti ilijibu kimoyomoyo, "Ungenipenda kwa kiasi, ningekuwa hai." Mfalme aliposema, "Ni nani sasa atakayeniliwaza?" maiti ikawaza, "Mtafute huyo aliyekunong'oneza." Mabishano hayo yalimburudisha. Yalimsaidia hata kusahau nyonga. Hakuwahi kudhani kwamba siku moja yangemtoka mdomoni.

Mchana alikuwa mwalimu wa udereva. Kutwa alikaa kiti cha pembeni katika gari dogo la mafunzo, mguu u tayari juu ya breki yake ya ziada, akitoa amri. "Klachi! Tazama kioo! Punguza, huyo ni mtu, si tuta!" Mume wake, fundi wa majokofu, mtu mpole mwenye vidole vilivyokwaruzwa na mabati, alipenda kuwaambia majirani kwamba serikali ya nyumbani kwake hupumzika Ijumaa na Jumamosi tu, mkuu wake anapofariki. Marehemu alicheka kuliko majirani. Alikuwa mtu wa kucheka; nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili na kelele za vyumba vinne.

Ijumaa ambayo mambo yaliharibika, alishinda na mwanafunzi aliyeitwa na shule nzima Daktari wa Meno, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kazi yake. Bwana huyu, mwenye mkono mwepesi katika vinywa vya watu, alikuwa na mguu mzito kama nanga. Asubuhi aligonga ndoo ya mwosha magari. Mchana akaegemeza gari kwenye nguzo ya shule yenyewe, taratibu, kama anayebusu. Na kila baada ya kosa aligeuka, jasho likimtiririka, akauliza, "Mwalimu, umenisamehe?"

"Tazama mbele, Daktari."

"Natazama. Lakini umenisamehe?"

"Nitakusamehe ukifika salama. Mbele!"

Aliuliza hivyo mpaka jioni. Marehemu alifika ukumbini amechoka hoi, akavaa gauni, akaonyesha uzuri wa malkia, akauawa kwa wakati wake na kuangukia ubavu wake. Sakafu ilikuwa na ubaridi wa kupendeza. Sponji ilikuwa mpya. Likamfika lile linaloogopwa na kila maiti wa jukwaani: usingizi ukamchukua.

Aliyeigiza mfalme ni mkuu wa kikundi, mzee mwenye sauti nzito ambaye wote walimwita Mzee Mfalme, hata sokoni. Alifika kwenye kilele cha maombolezo yake. Alipiga magoti, akauinua mkono wa mkewe, akaishusha sauti yake iwe kama uzi, akauliza, "Umenisamehe?" Kisha, kama ilivyo desturi, akanyamaza kimya kirefu, ili watu wapate nafasi ya kulia.

Na ndani ya kimya hicho maiti ikajibu, kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na swali, "Bado!"

Mzee Mfalme alibaki ameushika ule mkono kama mtu aliyeokota samaki aliye hai. Marehemu alizinduka, akaelewa alichofanya, akajikausha kama gogo. Halafu kutoka safu za nyuma mwanamke mmoja akapaza sauti, "Sawasawa kabisa!" Mwingine akapiga makofi. Wakaungana wengi, wakicheka na kushangilia, na miluzi ikapigwa. Mzee Mfalme aliruka sehemu nzima ya maombolezo na kumalizia kwa haraka, kama anayefunga duka mvua ikinyesha.

Chumba cha kuvalia kilikuwa kidogo, na hasira ya Mzee Mfalme ilikijaza chote.

"Umeniua mbele za watu," alisema.

"Mzee, nisamehe, nilisinzia. Lakini kuhusu kuuana, wewe ndiye unayeniua. Ijumaa na Jumamosi."

"Usinitanie, Marehemu! Maombolezo yale aliniachia mwalimu wangu, naye aliachiwa na mwalimu wake. Leo wamecheka. Kuanzia kesho atalala mtu mwingine hapo."

Marehemu alikuwa na kazi ya mchana, alikuwa na mume na watoto, hangekosa chakula. Lakini sakafu ile ilikuwa mahali pake. Kuondolewa kwa aibu, kama kiti kilichovunjika mguu, hakukuwa jambo dogo kwake. Alikuwa anatafuta la kusema wakati mwongozaji wa michezo alipoingia. Huyu alikuwa mwanamke kijana, mpya kikundini, mwembamba, mwenye maneno mengi ambayo Mzee Mfalme aliyavumilia kama mtu anavyovumilia redio ya jirani.

"Shikamoo, Mzee," alisema. "Wale watu wanazungumza huko nje, hawataki kwenda nyumbani. Unajua wanaulizana nini?"

"Marahaba. Wanaulizana maiti imelewa nini."

"Wanaulizana angesema nini zaidi. Miaka yote hii tumewaonyesha mwanamke anayeuawa, hatujamwuliza neno. Tumpe nafasi. Ainuke, ajibu."

"Maiti ainuke!" Mzee Mfalme alishika kiuno. "Sheria ya ukumbi huu unaijua?"

"Sheria inasema aliyekufa asiondoke kabla ya wakati. Haisemi asizungumze."

Wengine waliokuwa wakivua mavazi walijifanya hawasikii, na wote walisikia. Mzee Mfalme alikuwa na kiburi lakini hakuwa mtu mbaya. Aliagiza mchezo wa Jumamosi uahirishwe. "Jumatano kwenye mazoezi nionyesheni hayo maneno yake," alisema. "Yakiwa maneno, tutaona. Yakiwa porojo, mchezo unabaki ulivyokuwa, na Marehemu anapumzika nyumbani kwake. Tumeelewana?"

Walielewana.

Mwongozaji alikuja Jumapili akiwa ameandika hotuba. Walikutana katika chumba cha maleba, kati ya majoho yaliyotundikwa na cherehani, mdomo wa mshonaji ukiwa umejaa pini. Ilikuwa hotuba ya radi na umeme: malkia anawalaani wafalme wote, anaziita nyota zishuke, anaapa kwa damu na majivu. Marehemu aliisoma kwa sauti mara mbili. Mara ya pili alisimama katikati.

"Mdogo wangu, umeandika vizuri," alisema. "Lakini huyu si mwanamke. Huyu ni Mzee Mfalme amevaa gauni."

Mwongozaji aliumia kidogo, kisha akacheka, kwa sababu ilikuwa kweli. "Basi angesema nini?"

Mshonaji alitema pini kiganjani. "Hebu tuache nyota mahali pake. Marehemu, jilaze hapo chini kama kawaida. Umelala? Haya. Sasa inuka. Cha kwanza unachotaka kusema ni nini?"

"Mgongo unaniuma."

Walicheka mpaka mshonaji akalazimika kukaa. Lakini Marehemu, akiwa bado ameegemea kiwiko, aliendelea kutazama ukuta. "Na kwamba hakuniuliza," alisema polepole. "Hilo ndilo linalonikereketa siku zote. Si upanga. Alirudi kutoka safari, amesikia habari mbaya juu yangu, na hakuniuliza, 'Mke wangu, ulikuwa wapi?' Mimi mume wangu akipoteza bisibisi huniuliza kabla ya kumlaumu paka."

"Na ulikuwa wapi?" aliuliza mwongozaji.

Hakuna aliyejua. Tanzia ile kongwe, iliyosifiwa kote, haikujali kuwaambia watazamaji malkia alikuwa wapi usiku ule. Kwa hiyo wakamtafutia mahali. Mwongozaji alitaka awe mnarani. Marehemu alisema mwanamke ambaye mumewe ameondoka na wanaume wote wa mji hana muda wa minara. Atakuwa ghalani, akiwagawia wake za askari nafaka.

"Na lango lenyewe angelifungua kwa nini?" mshonaji alidakia. "Ufunguo anao? Si kila mchezo mfalme anamkabidhi ndugu yake ufunguo kabla ya kwenda vitani? Mfuko wa ule ufunguo nimeushona mimi, kwenye joho la ndugu. Umechanika mara ngapi, nikaushona tena! Malkia sijamshonea mfuko hata mmoja."

Wanawake watatu walitazamana. Kila Ijumaa na Jumamosi ufunguo ule ulitolewa mbele ya macho ya watu, ukang'aa kwenye taa, ukaingia katika joho la mwanamume. Na sehemu moja baadaye ukumbi mzima ulikubali kwamba mlango umefunguliwa na mwanamke. Hakuna aliyefumba macho. Waliona, na wakaamini walichozoea kuamini.

Hotuba mpya ilikuwa fupi. Siku zilizofuata Marehemu aliifanyia mazoezi jikoni, mume wake akimshikia karatasi huku mchuzi ukiungua, na garini pia, midomo ikimchezacheza.

"Hukuniuliza," alisema taratibu wakisubiri taa za barabarani.

Daktari wa Meno alishtuka, gari likazima. "Mwalimu, nikuulize nini tena? Mimi nadhani nauliza kupita kiasi!"

"Si wewe, Daktari. Ni mume wangu."

"Yule fundi? Kafanya nini?"

"Siyo huyo. Yule aliyeniua. Washa gari, watu wanapiga honi."

Jumatano Mzee Mfalme alikaa katikati ya jukwaa, mikono ameikunja. Walianzia kwenye maombolezo. Alipouliza swali lake, Marehemu aliketi, akainuka kwa shida ya kweli, na kumtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu waanze kuigiza pamoja sehemu ile.

"Hukuniuliza," alisema. "Ungeniuliza nilikuwa wapi, ningekuambia. Nilikuwa ghalani na wake za askari wako, kwa maana mliondoka bila kusema watoto watakula nini. Ufunguo ulimpa ndugu yako. Hukuniamini kunipa ufunguo. Uliwezaje kuamini kwamba nimefungua lango?"

Hakupaza sauti. Aliyasema kama anavyomweleza mwanafunzi kosa lililokwisha kutendeka, ambalo hasira haiwezi kulirudisha nyuma. Lakini wakati wote huo Mzee Mfalme alikuwa akihema, akishika kichwa, akipiga kifua na kuguna.

"Breki, Mzee," Marehemu alisema. "Unanipita."

"Ndiyo naigiza! Ama nikae kama mti?"

"Sikiliza."

"Kusikiliza si kuigiza, mama."

"Mimi hiyo ndiyo kazi niliyokufanyia miaka yote hii. Siyo rahisi, lakini nitakufundisha kama ulivyonifundisha mimi kuanguka bila kuvunjika mkono. Shusha mabega. Mikono iache. Usifikirie utakachosema baada yangu. Haya, twende tena."

Mzee aliguna mara moja zaidi, kisha akashusha mabega. Walirudia, wakarudia tena. Ilikuwa mara ya nne au ya tano ambapo mikono yake ilitulia yenyewe. Marehemu alipofika kwenye ufunguo, macho ya yule mzee yakaenda kwenye joho la ndugu lililokuwa limetundikwa kitini. Alilitazama muda mrefu.

"Kumbe nilimpa mbele yako," alisema. Halikuwa neno la mchezo. "Ulisimama pale na sinia ya chakula cha kuniaga."

"Nilisimama, Mzee."

"Na nimekuwa nikikulilia vizuri sana."

"Vizuri mno. Watu wengi wamepata mafua kwa sababu yako."

Alicheka bila kupenda. Kisha akatoa masharti yake, kwa kuwa bado alikuwa mkuu wa kikundi: maombolezo yatabaki, yatapunguzwa nusu, na yatakuja baada ya hotuba ya malkia. Mwongozaji aliuliza malkia atakuwa wapi wakati huo. Arudi kulala? Mzee Mfalme aliizunguka sheria ya ukumbi kama mtu anayezunguka gari lililoharibika, akiinama hapa, akichungulia pale. Mwisho alisema, "Mtu aliyekwisha kuinuka na kuzungumza hawezi kurudishwa sakafuni. Aondoke kwa mlango. Lakini kwa miguu! Nikimwona anatambaa, nafunga ukumbi."

Ijumaa watu walijaa, maana habari za maiti iliyojibu zilikuwa zimeenea. Wengine walikuja kucheka, na mzee mmoja wa safu ya mbele alikuja kukasirika. Alipomwona malkia anainuka alinung'unika kwa sauti kwamba sasa tumekwisha. Jirani yake alimwambia anyamaze, amsikie mwanamke. Naye Marehemu, ambaye kila wiki aliamrisha magari bila woga, hapo aliogopa, akamtazama Mzee Mfalme. Mabega yake yalikuwa chini, mikono imetulia, na alikuwa anasikiliza kweli, kama mtu asiyejua ataambiwa nini. Basi akamwambia.

Alipomaliza neno la lango, kilio hakikusikika wala kicheko. Kulisikika viti vikilia kidogo, watu wakigeuka kulitafuta joho la ndugu. Marehemu alikusanya upindo wa gauni lake, akatembea hadi mlangoni bila haraka, akatoka.

Nyuma ya jukwaa hakujua afanye nini na mwili wake. Hakuwahi kuwa huko saa ile. Mshonaji alimsogezea kikapu cha maleba akalie, akamimina chai kutoka kwenye chupa, akamwekea na kipande cha mkate.

"Kunywa ingali moto. Sauti imekukauka."

"Wanalia huko?"

Mshonaji alichungulia kwenye ufa wa mlango. Mzee Mfalme alikuwa amepiga magoti mbele ya sakafu tupu, akisema maneno yake ya zamani kwa sauti ya chini ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake. "Wanamtazama tu," alisema. "Yule mzee wa mbele amevua kofia."

"Basi mwache amalize," Marehemu alisema, akachovya mkate kwenye chai, akanyoosha miguu yake yote miwili, na kula.